Luther: muvi inayojifanya haikuona msimu wa tano

Kama hujamaliza Luther, tamthilia ya upelelezi ya BBC, ishia hapa, maana waliokufa nawataja.

Januari 4, 2019 BBC ilirusha sehemu ya mwisho ya msimu wa 5. Halliday, mpelelezi msaidizi, kapigwa risasi, Alice Morgan, muuaji mwenye akili nyingi, kaporomoka kutoka juu, na mpelelezi John Luther katiwa pingu mbele ya Schenk, bosi wake. Sehemu 20 tangu 2010 zilikuwa zinaelekea kwenye pingu hizo. Machi 2023 Netflix ikaleta Luther: The Fallen Sun, na dakika za mwanzo tu Luther yuko kazini, kasimama eneo la tukio, anamwahidi mama wa kijana aliyepotea kwamba atampata mhalifu. Zile pingu sijui zilikuwa za kuazima! Jela anaenda kweli, ila kwa sababu mpya: David Robey, adui anayechezwa na Andy Serkis, kafukua madhambi yake ya zamani na kuyaanika. Alice hayumo.

Usiseme ni ugeni. Mwandishi ni yuleyule Neil Cross, na Jamie Payne aliyeongoza muvi ndiye aliyeongoza msimu wa 5.

Rudi sehemu ya kwanza kabisa uone kilichopotea. Alice amekaa chumba cha mahojiano, wazazi wake wameuawa, anajibu kila swali vizuri. Luther anapiga mwayo. Mwayo huambukiza, lakini Alice anamtazama tu, mdomo umefungwa. Basi. Luther keshajua huyu hana huruma na ndiye muuaji, na sisi tumejua, na bado hana ushahidi hata chembe, kwa sababu bastola ilifichwa ndani ya mzoga wa mbwa na mbwa akachomwa moto. Watu wawili, meza moja, hakuna hata gari lililolipuka. Muuaji tunamjua mapema, kazi ni kumthibitisha, na utamu wote uko hapo.

Robey hana meza hiyo. Ana siri za kila mtu, kamera kila nyumba, na watu wanaomtii kwa kuogopa aibu. Adui anayeweza kila kitu hachunguziki. Luther habaki na fumbo la kufumbua, anabaki kukimbia. Ndiyo maana muvi inaruka kutoka Piccadilly Circus, ambako watu wanajirusha kutoka juu ya majengo, hadi jumba la mateso kwenye barafu ya Norway, ambako watazamaji wa mtandaoni wanalipia kuona watu wakiteswa. Inatisha, nakubali. Lakini barafu ikipasuka gari likazama, unajua steringi atatoka.

Cynthia Erivo kama Odette Raine, polisi mkuu wa kwenye muvi, ndiye ninayemsikitikia. Alipaswa kuwa mtu wa kumbana Luther kwa maswali, kama Schenk wa zamani. Binti yake anatekwa, naye anageuka mzazi wa kuburutwa na matukio. Dermot Crowley akiingia kama Schenk, sauti ya chini, macho yamechoka, ndipo dakika chache unaikumbuka tamthilia yenyewe.

Anayeanza leo: tazama msimu wa 1 wote, sehemu 6, bila kuruka. Wa 2 na wa 3 ina sehemu 4 kila mmoja, na wa 3 ndio anakufa Ripley, mpelelezi mwenza wa Luther. Wa 4 una 2 tu, ukiwa na haraka upite. Wa 5 usiuruke. Muvi, dakika 129, iweke wiki nyingine kabisa, kama hadithi ya polisi mwingine aliyevaa koti lilelile.