Bahari Nayo Itawatoa Wafu Wake

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii kila nikipiga magoti namuona mama mmoja wa jumuiya yetu. Mumewe alizama akiwa kazini baharini, mwili haukupatikana. Na sasa kuna minong'ono, tena ya watu wa kanisani: eti asiyezikwa hana pumziko, eti pana laana kwenye ile nyumba.

Nimewakumbuka vijana wetu wa Afrika Mashariki waliopakiwa Mombasa Februari 1944, safari ya Ceylon (Sri Lanka ya leo), vita vya Burma vikiwangoja. Meli yao, Khedive Ismail, ilijengwa 1922 kwa ajili ya abiria na mizigo. Vita vikaifanya ya askari. Walikuwamo watu zaidi ya 1,500: wapiga mizinga wa Kikosi cha 301, mabaharia, wauguzi wa kike. Tarehe 12, mchana, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani ikaipiga kwa topido mbili. Dakika kama mbili tu, meli haipo. Waliokuwa vyumba vya chini hata ngazi hawakuiwahi. Kisha manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiilinda zikaiwinda ile nyambizi kwa mabomu ya chini ya maji, palepale walionusurika walipokuwa wakielea. Walikufa zaidi ya 1,200.

Haya, semeni. Wote hao walilaaniwa? Mama zao waliowangoja kijijini bila kaburi la kupalilia, tuwaambie watoto wao hawana pumziko?

Nani ametufundisha hayo? Ufunuo 20:13 tunaisoma kila tunapozika: "Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake." Imetajwa bahari kabla ya Mauti na Kuzimu! Na Daudi alisema hata akikaa pande za mwisho za bahari, "huko nako mkono wako utaniongoza." Ndugu zangu, mkono huo haungoji jeneza. Mjane wetu halali usiku, analea watoto, na sisi tunamwongezea mzigo ambao Bwana hakumtwisha. Acheni! Nendeni mkakae naye. Msimuulize tena kama mwili umepatikana. Mtajeni mumewe kwa jina, mwacheni alie, pelekeni unga, ulizeni ada ya watoto.

Jumamosi alasiri tuna ibada ya kumkumbuka marehemu, nyumbani kwake. Nyimbo atachagua mwenyewe. Na aliyelitoa lile neno la laana aje mapema, amwombe radhi kabla watu hawajajaa.