Jani Moja la Gugumaji

Juzi alasiri binti ya Mwalimu aliuleta mfarishi wa mama yake ili niubadilishie ukingo, na nilipoukunjua mezani niliona jambo ambalo yeye, nadhani, hajaliona. Katika mraba wa tatu kutoka juu, upande wa kulia, pale penye maua ya gugumaji, majani yote yangali na kijani chake kilichoiva isipokuwa jani moja, ambalo limepauka hata likakaribia rangi ya nyasi za Januari. Jani hilo nililidarizi mimi. Mengine yote katika mraba ule yalidariziwa na mdogo wake Mwalimu, ambaye sikupata kumwona.

Ilikuwa Agosti 2013, nami ningali katika kile chumba kilicho karibu na soko la Kibuye, mjini Kisumu. Kazi yangu ilikuwa hii hii ya leo: wanawake wanadarizi miraba yao kwa mkono, wananiletea, nami naiunganisha, natia tabaka la pamba katikati na bitana nyuma, kisha naishona kwa cherehani mpaka matabaka matatu yawe kitu kimoja. Wateja wengi huuita blanketi la viraka, lakini mimi nimelishikilia jina la mfarishi, kwa sababu kiraka hufunika mahali palipochanika na katika kazi hii hakuna kilichochanika.

Mwalimu alikuja kutoka Maseno akiwa na miraba 12 ya marikani nyeupe, kila mmoja umefungwa kwa karatasi yake. Saba aliidarizi yeye mwenyewe na mitano ni ya mdogo wake, aliyefariki kabla hawajaiunganisha. Walikuwa wamechora ziwa: korongo, mdiria akiwa juu ya kijiti, mitumbwi, yungiyungi, na hata gugumaji lenyewe, ambalo wavuvi wetu wanalilaani kila siku. Mdogo wake alikuwa amelitazama kwa jicho lingine. Alilipa maua yake ya zambarau, lile doa la manjano lililo katika petali ya juu, na yale mashina yaliyovimba kama vibofu, yanayoliwezesha kuelea. Sijaona mtu mwingine aliyeona haya kulidarizi vibaya ua ambalo hakuna anayelipenda.

Mfarishi uliodariziwa kwa mkono hauendeshwi kama mwingine. Nateremsha yale meno yaliyo chini ya mguu wa cherehani, yanayosukuma kitambaa mbele, ili mikono yangu miwili ndiyo iongoze. Nikisogeza haraka mshono unakuwa mrefu, nikisita unakuwa mfupi na uzi unajirundika. Naanzia katikati na kuelekea kingoni, kwani ukianzia pembeni makunyanzi yote hukimbilia katikati na hayatoki tena. Huko Marekani wenye kazi hii wana mashine kubwa za fremu, ambazo kichwa chake ndicho kinachotembea juu ya mfarishi uliotandazwa. Mimi nina cherehani ya nyumbani, kwa hiyo mfarishi wote ndio unaotembea, nao ni mzito, na mabega yanajua. Sindano inapita kando ya ua kwa nafasi ya punje ya mchele bila kulikanyaga, kwa sababu ikiutoboa uzi uliodariziwa huuchambua, na mng'ao wake haurudi. Hata pasi huipitishi juu ya maua: unaulaza mraba kifudifudi juu ya taulo nene, unapiga pasi upande wa nyuma, ili mishono isilaliane.

Huko nyuma ndiko nilikokosea. Nilipoipindua miraba ya mdogo wake Mwalimu niliona kwamba alikuwa akiurukisha uzi kutoka jani moja hadi jingine bila kuukata, na uzi wa rangi iliyokolea ukipita chini ya marikani nyeupe huonekana kwa mbele kama mshipa chini ya ngozi. Nilichukua mkasi mdogo nikaikata mirukio hiyo mmoja baada ya mwingine, kama nilivyokuwa nimefanya kwa wateja wengine, na sikutazama kama nyuma ya kila jani palikuwa na fundo. Hapakuwa na fundo hata moja. Alikuwa fundi aliyekataa mafundo; ncha zake alizipitisha chini ya mishono na kuziacha zishikwe na uzito wa kazi yenyewe, na mahali pamoja nilikuwa nimekata karibu mno.

Sikujua hilo mpaka siku ya tatu, wakati matabaka yalikuwa yamekwisha kushikana. Nilikuwa nikilizunguka lile ua la gugumaji, nikauvuta mfarishi kuelekea kwangu ili kuipa sindano nafasi, na chini ya kidole changu cha kati nikahisi kitu kikinyanyuka. Niliondoa mguu kwenye pedali. Mshono mmoja wa jani ulikuwa umesimama kama unywele. Niliubonyeza kwa ukucha ili urudi, ukainuka wa pili, kisha wa tatu, na kila nilichogusa kwa nia ya kutuliza kikazidi kufumuka, mpaka jani lote likawa limelala juu ya marikani katika vipande vifupi vya uzi, na mahali pake pamebaki matundu.

Nilifunga mlango. Vile vipande vilikuwa vifupi na vimechambuka, havikuweza kushonwa tena. Mwalimu alikuwa ameniambia kwa fahari kwamba mdogo wake alitumia nyuzi za DMC za Ufaransa, ambazo kila rangi ina namba katika karatasi yake, hivi kwamba mtu akiishiwa na uzi na namba anayo, anaipata rangi ile ile tena. Namba sikuwa nayo. Kuiuliza kungekuwa kueleza kwa nini naihitaji, na wakati huo Mwalimu alikuwa bado akilitaja jina la mdogo wake kisha ananyamaza katikati ya sentensi. Nilikwenda sokoni kabla vibanda havijafungwa, nikachagua kwa macho fungu la uzi wa kijani lisilo na karatasi.

Usiku ule ndio ninaoukumbuka kuliko siku nyingine zote za kazi yangu. Nilikaa chini ya balbu, nikazichambua zile nyuzi sita za fungu nikabakiza mbili, kama alivyotumia yeye, nikaanza kuyafuata matundu yake. Marikani ina kumbukumbu ndefu. Tundu lililokaa na uzi kwa miaka halizibi kwa siku moja. Niliweza kuona hata pale ambapo sindano iliingia na pale ilipotokea, kwa sababu inapotokea huinua kijiukingo chembamba, na kidole hukihisi hata jicho likishindwa. Nilishona mishono minne, nikaitazama, haikufanana. Ya kwake iliegemea upande ambao mkono wangu haukutaka kwenda, na sindano yake ilikuwa imetokea kila mahali ambapo mimi huizamisha. Niliifumua, nikashona tena, nikaifumua tena. Mara ya tatu, bila kufikiri sana, niliihamishia sindano katika mkono wa kushoto.

Mkono huo haujui kazi. Ilinichukua muda mrefu kuvuta mshono mmoja, lakini kila mshono uliangukia mahali pake. Kwa kuwa bitana ilikuwa tayari imeshonwa sikuweza kuitoboza sindano mpaka nyuma. Ilinibidi kuizamisha katika pamba tu, kuitembeza ndani kwa ndani, na kuiibua katika tundu lililofuata, polepole, huku kidole cha mkono wa kulia kikinielekeza. Nilikuwa peke yangu, na sikujihisi peke yangu. Sina namna bora ya kulisema hilo.

Chini ya balbu kijani changu na chake vilikuwa mapacha. Asubuhi juani niliona changu kina umanjano kidogo, lakini ilikuwa lazima utafute ndipo uone. Nilimaliza mfarishi, Mwalimu akaja, akaupapasa kutoka kona hadi kona, akanilipa na kunishukuru, akarudi Maseno. Sikusema kitu. Nilijiambia kwamba nitasema atakapopoa. Kisha miaka ikapita, na kila mwaka maneno yale yalizidi kuwa mazito, kwa maana sasa yangekuwa na makosa mawili, la kukata na la kunyamaza.

Nguo iliyofuliwa na kuanikwa juani kwa miaka haifichi siri ya mtu. Vile vipande vya uzi wa zamani nilivihifadhi katika kopo dogo la bati, nami jana nililifungua. Ndani ya giza la kopo kijani chake hakijabadilika, nami nilipokiweka juu ya majani yaliyo kando kilikubaliana nayo. Jani langu peke yake ndilo lililozeeka.

Binti anasema Mwalimu sasa haoni vizuri, na kwamba jioni huomba awekewe mfarishi mapajani ili autembezee vidole. Sijui kama vidole vyake vimewahi kutua pale na kusita. Ukingo mpya nimekwisha kuushona, kwa kitambaa cha bluu kinachofanana na kile cha kwanza, na binti atakuja kuuchukua Jumamosi. Lile jani ningeweza kulifumua leo na kulidarizi upya kwa uzi wenye namba, maana sasa nina ya kulinganishia, lakini siligusi tena mfichoni.

Kuna swali ninalotaka sana kumuuliza binti huyu: je, mama yake mdogo alitumia mkono wa kushoto? Tangu jana natafuta namna ya kulianza, na kila nikilianza nafika pale ambapo yeye ataniuliza nimejuaje. Kopo nililiweka juu ya mfarishi uliokunjwa, kisha nikaliondoa, na sasa nimelirudisha pale pale.