Alimjibu mdogo wake, hakunijibu mimi

Juzi wakati wa futari watoto wa dada walizozana tena juu ya maji ya ukwaju. Mmoja alitiliwa kwenye gilasi ndefu, mwenziwe kwenye kikombe cha mdomo mpana, na huyu wa kikombe akaangua kilio kwamba amepunjwa. Dada akamwambia, "Ni sawasawa, kunywa." Hakukubali. Ana miaka 4 na nusu, na kwa umri huo kilio chake ni kile kile alichokieleza Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi: mtoto hushika kipimo kimoja, urefu, akauacha upana. Dada akaniuliza, "Ataelewa lini?" Nikamjibu kwamba wengi hufika kwenye miaka 7 hivi. Jibu hilo ni sahihi, lakini kila nikilitoa namkumbuka msichana mmoja wa Ndia Kuu, Mji wa Kale wa Mombasa.

Nilikuwa bado mwanafunzi chini ya mwalimu mkali wa mbinu za utafiti, na zamu yangu ilikuwa zoezi la maji la Piaget, la kupima kama mtoto anajua kwamba maji hayazidi wala hayapungui yakihamishwa chombo.

Kwa kulitazama, zoezi hili ni jepesi. Unahitaji gilasi mbili zinazofanana kabisa na ya tatu iliyo ndefu na nyembamba. Zetu mbili za kufanana zilikuwa na kipenyo cha sentimita 7; ukitia mililita 200, maji hupanda kupita sentimita 5 kidogo tu. Ile nyembamba ilikuwa na kipenyo cha sentimita 4, kwa hivyo maji hayo hayo hufika karibu sentimita 16. Unataka tofauti kubwa ya namna hiyo, ya mara tatu. Ikiwa ndogo, mtoto akisema "sawa" hujui kama ameelewa au hakuona kilichobadilika. Maji yatiwe rangi, maana kwenye kivuli cha baraza mstari wa maji meupe hauonekani vizuri. Sisi tulitumia sharubati nyekundu kidogo kwenye maji yaliyochemshwa, ili mtoto akitaka kunywa anywe.

Kabla ya kumimina, mtoto mwenyewe athibitishe kuwa gilasi mbili za mwanzo ziko sawa. Hapa ndipo wengi huharakisha, na hapa ndipo zoezi huharibika. Akisema hii imezidi, unaongeza au kupunguza kwa kijiko mpaka aridhike yeye, si wewe. Nyumba za Mji wa Kale zina sakafu zilizolala upande, na mtoto huona tofauti ya milimita chache ambayo mtu mzima haioni, kwa hivyo tuliweka ubao na kuuinua upande mmoja kwa karatasi iliyokunjwa. Kisha unamimina gilasi moja yote ndani ya ile nyembamba na kuikung'uta mpaka tone la mwisho. Mtoto akikuonyesha matone yaliyobaki na kusema yamepungua, amesema kweli, nawe huna haki ya kumhesabu kuwa amekosa.

Ndipo unauliza: ziko sawa, au moja ina maji mengi? Mpangilio wa maneno ubadilishwe kwa kila mtoto, maana wadogo hupenda kushika neno la mwisho walilosikia. Halafu unauliza kwa nini, na hiyo ndiyo roho ya zoezi. Piaget hakutosheka na "sawa" tupu. Alitaka sababu, na zinazokubalika ni tatu: hukuongeza wala kupunguza, ukiyarudisha yatakuwa kama mwanzo, au hii ni ndefu lakini nyembamba.

Msichana alikuwa darasa la kwanza, miaka 6 na miezi kadhaa. Nyanyake alikaa kando yetu barazani na uteo mapajani, akichagua mchele. Nilipomwamkia alinijibu, "Marahaba mwanangu, karibu. Huyu ana haya, usimfanyie haraka." Sikumfanyia haraka. Tulisawazisha maji vijiko viwili vitatu, akasema sawa, nikamuuliza tena kama kweli ni sawa, akasema sawa. Nikamimina, nikauliza.

Hakuitazama gilasi. Alinitazama mimi usoni, kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta pale kitu alichokipoteza. Kisha akamgeukia nyanyake. Nyanya bila ya kuinua kichwa akasema, "Mjibu mwalimu." Msichana akanyoosha kidole kwenye gilasi ndefu. Nikamuuliza kwa nini. "Yamekuja juu," akasema, kwa sauti ambayo ilibidi niinamie kuisikia. Niliandika kama alivyosema, na kwenye safu ya matokeo nikaweka alama ya "hajafikia".

Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, miaka mitatu au minne, macho kwenye sharubati. Nyanya akasema, "Mpe mwenzio anywe." Msichana aliichukua gilasi ndefu, akaona itamponyoka mtoto, akamtilia kwenye kikombe chake cha bati, kile kipana chenye mkono mmoja. Mtoto akakisukuma. "Nataka ile! Ile nyingi!"

Dada mtu akachuchumaa mbele yake. Ile sauti niliyoiinamia haikuwepo tena. "Ni yale yale! Si umeniona nikiyatia? Sikuongeza, sikupunguza. Haya tazama." Akayarudisha kwenye gilasi ndefu, polepole, mdomo wa kikombe umegusana na mdomo wa gilasi ili yasimwagike, akamwonyesha kwa kidole yalipofika. "Si hapa hapa?" Akayamimina tena kikombeni. Mtoto akanywa. Nyanya aliendelea kutoa vijiwe kwenye mchele. Kwake hapakuwa na jambo lililotokea.

Sababu mbili kati ya tatu, kwa mpangilio mzuri, na onyesho juu yake. Hakika sijasikia mtoto wa umri ule akizitoa kwa ukamilifu kama alivyofanya yeye, wala hakuzitoa kwangu. Karatasi yangu ilikuwa na nafasi ya jibu analopewa mpimaji tu. Niliyaandika maneno yake ukingoni.

Mwalimu wetu alisoma ukingo wote, akasema alama ibaki kama ilivyo. Hoja yake ilikuwa kwamba watoto wengine hawakupewa mdogo wa kumfundisha wala kikombe cha kumiminia, na matokeo ya hali mbili tofauti hayawekwi kwenye safu moja. Katika hilo alikuwa na haki. Alichonipa badala yake ni orodha ya kusoma, na ndiyo iliyonifunga kwenye fani hii.

Mwaka 1974 Susan Rose na Marion Blank walipima watoto wa karibu miaka 6 huko Marekani. Walipouliza swali mara moja tu, baada ya mabadiliko, walipata makosa machache kuliko walipouliza kabla na baada. Hilo halihitaji kuelezwa sana kwa mtu aliyepitia chuo cha Kurani. Mwalimu akikurudisha kwenye aya uliyokwisha kuisoma, kuna herufi umeikosea au uvutaji umeupunguza. Unatafuta usoni mwake wapi. Msichana wetu alisema sawa mara mbili, mtu mzima akamuuliza mara ya tatu. Na tena alimuuliza kitu ambacho huyo mtu mzima amekimimina kwa mkono wake mwenyewe na anakijua.

Karibu na wakati huo James McGarrigle na Margaret Donaldson, huko Scotland, walipanga safu mbili za vitu vya kuhesabu, kisha dubu wa kuchezea "akavuruga" safu moja kwa utundu wake. Watoto wa miaka 4 hadi 6 waliosema idadi haijabadilika walikuwa wengi zaidi kuliko pale mpimaji mwenyewe alipoivuruga. Na kabla yao, Patricia Greenfield alifanya zoezi hili la maji kwa watoto wa Kiwolofu huko Senegal, akaandika mwaka 1966 kwamba baadhi yao walitoa sababu moja: maji yamezidi kwa kuwa wewe umeyamimina. Walipoachiwa kumimina wenyewe, majibu sahihi yaliongezeka. Karibu na kwetu, Sara Harkness na Charles Super waliishi kijiji cha Kokwet, Kenya, kwa Wakipsigis, miaka ya 1970. Waliona kwamba mtoto hulelewa kusikiliza na kutenda anachoagizwa na mkubwa, si kumpa mkubwa maelezo marefu, na vipimo vinavyodai maelezo hayo humwangusha.

Yote hayo yananivuta upande wa yule msichana: alijua, ila mtu wa kumweleza alikuwa ni mdogo wake. Siku hizi nikifundisha wanafunzi zoezi hili nawaambia waulize mara moja, mtoto amimine mwenyewe, na wabaki barazani baada ya kufunga daftari.

Lakini sina hakika, na sipendi kujipa hakika nisiyokuwa nayo. "Ni yale yale, hajaongeza" ni maneno ambayo kila mtoto wa nyumba yenye watoto wengi ameyasikia kwa mamake. Inawezekana aliyarithi mazima mazima, na ule mmimino wa kurudisha aliuona kwa nyanyake akimnyamazisha yeye. Mtoto anaweza kutumia hoja ya wakubwa vizuri kabisa kabla hajaimiliki.

Njia ya kutenganisha mambo haya mawili ipo, na sikuwahi kuifanya, maana niliporudi walikuwa wamekwisha kuhamia Kisauni. Ningeanza na madonge mawili ya unga wa mahamri, sawa kwa sawa, moja alisukume mwenyewe kuwa duara bapa, kisha amweleze mdogo wake. Hoja iliyomilikiwa huhama kutoka maji kwenda unga kwa umri ule ule au karibu yake. Hoja ya kwamba hata uzito haubadiliki huchelewa mpaka miaka 9 hivi, kwa hivyo ya uzito nisingemuuliza. Halafu ningerudi kwenye maji. Angemtilia mdogo wake kwenye kikombe cha bati, nami ningeongeza kijiko kimoja mbele ya macho yake, bila ya kusema neno. Akiendelea kumwambia "ni yale yale", alikuwa amekariri. Akinigeukia na kusema, "Mbona umeongeza?", basi alama yangu haikumstahili.