Yaache Maji Yaende kwa Jirani

Assalaam aleikum, ndugu zangu katika imani.

Katika Surat al-Mursalat, aya ya 27, Mwenyezi Mungu ametaja mambo mawili kwa pamoja: milima mirefu iliyothibiti, na maji matamu anayotunywesha. Mtu wa Lamu aweza kuisoma aya hii umri wake wote asijiulize vina uhusiano gani. Kilima chetu kirefu ni mchanga wa Shela!

Mimi uhusiano huo niliuona kwa macho katika Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Kenya, tulipokwenda kutembea na wenzangu. Tuliingia kwa lango la Naro Moru. Kilele cha Batian, mita 5,199, tuliwaachia wenye kamba na vifua vya kupandia. Sisi tulipita msituni, tukapita mianzi, tukafika pale miti inapokoma na ardhi yote ni tope na nyasi. Nilikuwa nikidhani mito hutokana na theluji. Kumbe theluji imebaki kidogo na inazidi kupungua. Kazi kubwa ni ya mvua na msitu. Lile tope lililotuvua viatu ndilo linaloshika mvua na kuiachia kidogo kidogo hata wakati wa kiangazi. Kuna na mimea iitwayo lobelia, majani yake yamejipanga kama bakuli, kila mmoja umeweka maji yake, na usiku maji hayo huganda juu.

Udhu tulitia kijitoni. Aliyezoea birika la msikiti wetu na aende akaonje! Mwenzetu mmoja akatukumbusha kuwa kutimiza udhu wakati wa tabu ni katika yanayofuta madhambi. Meno yalikuwa yakigongana, hakuna aliyemjibu.

Vijito vya mlima huo vinavyoshuka upande wa kusini na mashariki, na vya milima ya Nyandarua, ndivyo vinavyoufanya Mto Tana. Matawi yake hunywesha mpunga wa Mwea; mto wenyewe huzungusha mitambo ya umeme kwenye mabwawa matano, Masinga hadi Kiambere, kisha hupita Garissa na Hola mpaka kuingia baharini Kipini, mwendo wa kilomita 1,000 hivi. Hatuunywi mjini Lamu, lakini tunaula: kamba wa Ghuba ya Ungwana, maembe na mpunga wa Wapokomo, nyama ya ng'ombe wa Waorma. Sisi ndio jirani wa mwisho.

Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Zubayr bin al-Awwam na mtu wa Ansari waliogombania maji ya kumwagilia mitende. Mtume (s.a.w.) alimwambia Zubayr, ambaye shamba lake lilikuwa juu, amwagilie kisha ayaache maji yaende kwa jirani yake. Yule Ansari akakasirika: ni kwa sababu huyu ni mtoto wa shangazi yako? Uso wa Mtume ukabadilika, akamwamuru Zubayr achukue haki yake kamili, mpaka maji yafike kwenye kingo za shamba. Wa juu, basi, ana haki ya kutangulia, na amehimizwa asiishikilie yote. Wa chini naye amepewa onyo: dhana mbaya ilimkosesha hata ile hisani aliyokuwa ameshaombewa.

Barazani tunapenda kuwalaumu watu wa bara kwa mabwawa yao, na pengine lawama nyingine ni za haki. Ila hatujasikika tukiwaombea dua wanaoulinda ule msitu, na hadithi inasema asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu.

Na hapa kisiwani nani yuko juu? Maji ya kunywa ya mji huu huchujwa na ule mchanga wa Shela. Mwenye kuchimba, kujenga au kuuza kiwanja pale juu ya mchanga, yeye ndiye mwenye shamba la juu, na mji mzima uko chini yake na ndoo mkononi. Ijumaa tukikutana, tulizungumze hilo kwanza kabla ya mabwawa ya watu.