Kisiwa kisicho na mto

Nilipomwambia mama kwamba nataka kuhamia Gozo, kisiwa cha nchi ya Malta, hakuuliza habari za mshahara wala za viza. Alikuwa amekaa barazani anachambua mukene, dagaa wetu wa ziwani, ungo mapajani, vijiwe anavitupa upande. Hakuinua uso.

"Huko kuna mto?"

Nikamwambia hakuna. Hakuna mto wala ziwa. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanateremka bondeni siku mbili tatu, halafu bonde linakauka.

"Sasa watu wanakunywa nini, mwanangu?"

Kwa mtu wa Jinja, Uganda, hilo si swali dogo. Nimezaliwa Walukuba, katika zile nyumba walizojengewa wafanyakazi wa viwanda. Jirani huyu katoka Gulu, yule Kisumu, mwingine Mbale, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha uani. Maji tumeyaona tangu tunafungua macho: ziwa upande huu, Nile upande ule. Mwalimu wetu wa darasa la nne alitupeleka mahali mto unapoagana na ziwa, akatuambia kwamba maji haya yatatembea miezi mitatu, yapite Sudan, yapite Misri, ndipo yafike Bahari ya Mediterania. Nilitupa jani la mwembe nikaanza kuhesabu kwa vidole. Siku ya Krismasi niliamka nikijua kwamba jani langu limefika. Sikumwambia mtu.

Machi 2024 nikalifuata. Dada yangu anafanya kazi katika nyumba ya kulea wazee kisiwani Gozo, na mumewe ni mwenyeji wa hukohuko. Alijifungua kwa upasuaji, akaniomba niende nimsaidie kulea mtoto. Mimi ni nesi. Niliomba likizo bila malipo, nikapita Entebbe, Istanbul, Malta, nikakaa kwake wiki saba.

Nchi yote ya Malta ina kilomita za mraba 316, na Gozo peke yake ni 67. Kisiwa chetu cha Bugala, kule Ssese katika Ziwa Victoria, ni kikubwa kuliko Gozo. Kutoka kisiwa kikubwa cha Malta unavuka kwa feri, kama dakika 25 tu. Tulipofika bandarini nikatoa pochi, shemeji akanizuia. Ukienda Gozo hulipi. Nauli unailipa siku unayotoka.

Nyumba ya dada iko kijiji cha Xagħra, kuta za mawe ya chokaa rangi ya asali, kibaraza kidogo juu. Siku ya tatu alikuja jirani, bibi wa miaka themanini na zaidi ambaye mtaa mzima humwita Nanna, na Nanna kwao ni bibi. Alikuwa na mayai kwenye bakuli. Akaanza kunipa moja moja huku anahesabu kwa Kimalta. Matano ya kwanza niliyapokea bila kuelewa neno. Akaniwekea lingine kiganjani akasema, "Sitta." Nikainua uso. Likafuata jingine: "Sebgħa," na hiyo "għ" haitamkwi, kwa hiyo sikio langu likasikia seba. La nane likanipita. La tisa, "disgħa." Nilisimama pale mlangoni na mayai tisa kifuani, nikamwambia: sita, saba, tisa. Nanna akaniangalia, akanishika mashavu kwa mikono miwili, akaita watu wa nyumba ya pili waje wasikie.

Kimalta kimetokana na Kiarabu, kinaandikwa kwa herufi za Kirumi, nacho ndicho lugha pekee ya Kisemiti kati ya lugha rasmi za Umoja wa Ulaya. Kiswahili nacho kimekopa mengi kwa Mwarabu. Kwa hiyo mimi wa Walukuba na bibi wa Xagħra tulikuwa na maneno ya pamoja, na tangu siku ile kazi yetu ikawa kuyatafuta. Niliyabandika kwenye friji ya dada: baħar, bahari. Ktieb, kitabu. Dinja, dunia. Għasel, asali. Siegħa, saa. Ħamsin, hamsini. Elf, elfu. Alhamisi wanaiita il-Ħamis, na Ijumaa il-Ġimgħa. Ijumaa Kuu ni il-Ġimgħa l-Kbira, neno kwa neno kama tunavyosema sisi.

Lakini lililonikaa rohoni ni Randan. Ulikuwa msimu wa Kwaresima, na watu wa Malta, Wakatoliki wa kupindukia, mfungo wao huo wanauita Randan, kutoka Ramadhani. Mwaka huo mifungo miwili iligongana. Dada zetu Waislamu wa Walukuba walikuwa wananitumia picha za futari jioni, na huku Nanna ananiambia kwamba kwa sababu ya Randan hagusi nyama. Kisha akanipa kipande cha biskuti ya lozi iliyopakwa asali, inayoliwa katika mfungo huo, jina lake kwareżimal. Kwaresima! Nilimpigia mama simu saa hiyohiyo nikamlisha lile neno sikioni mara tatu.

Mama ni mtu wa Biblia, kwa hiyo nilimkumbusha na jambo ambalo wengi tunalisoma bila kulitambua. Ile Melita ya Matendo ya Mitume, alikofika Paulo baada ya meli kuvunjika, wenyeji wakawasha moto kwa sababu ya mvua na baridi, ndiyo Malta hii. Wao wenyewe hawajaisahau, kila mwaka tarehe 10 Februari ni sikukuu ya taifa. Nilipokuwa sijui mtu, nikaletewa mayai. Siwezi kusoma sura ya 28 tena kama nilivyokuwa nikiisoma.

Watu wakisikia kisiwa cha Mediterania, wanafikiri juu ya jua. Jua tunalo. Sisi tumekaa karibu kabisa na mstari wa ikweta, saa kumi na mbili kila siku, na hatulilipii. Kilichonivuta mimi ni jioni. Kwetu jua likishuka limeshuka, saa moja ni giza, na mwanamke mwenye akili yuko ndani. Kule, mwishoni mwa Aprili, saa moja na nusu ya jioni bado unaweza kusoma gazeti nje. Watu wanatoka na viti, wanaviweka mlangoni, wanakaa. Wazee wa miaka tisini wanateremka uwanja wa kanisa, wanapita polepole na fimbo zao, na kila mtu anawaita kwa jina. Usiku mmoja nilirudi kutoka Marsalforn, kijiji cha pwani, kwa miguu saa tano, peke yangu, barabara tupu. Nilipofika nusu ya njia nikagundua simu iko mkononi, wazi, inaniangazia njia. Jinja nikitoka zamu ya usiku simu naificha kifuani, nauli ya boda nimeikunja kiganjani, na namba ya pikipiki nimemtumia mama kabla sijapanda. Nimeishi hivyo miaka kumi na sita. Mwili wangu ulikuwa haujui kwamba umechoka na hilo mpaka usiku ule.

Kuna mambo yaliyonifanya nijione nyumbani nusu. Magari yanapita kushoto. Plagi za umeme ni zilezile za miguu mitatu. Mwingereza alitawala kule mpaka 1964, kwetu mpaka 1962, na Malkia Elizabeth, kabla hajavikwa taji, aliishi Malta kati ya 1949 na 1951. Mwaka 1954 akaja Jinja kufungua bwawa letu la umeme. Mji mkuu wa Gozo Waingereza waliupa jina la Victoria mwaka 1887, lakini ukimuuliza Nanna anakwenda wapi, anasema Rabat. Ni kama sisi tunavyoliita ziwa letu Nalubaale huku ramani inasema Victoria.

Pwani ya Xwejni ndiko nilikokwenda zaidi. Ni mwamba mweupe ulioingia baharini, umechongwa vishimo vya mraba mamia kwa mamia, kina cha kiganja, vimepangana kama vigae. Bahari inavijaza, jua linavikausha, na kiangazi familia zinafagia chumvi kwa mifagio na kuirundika. Niliwahi mno, msimu ulikuwa haujaanza. Lakini pembeni mwa vishimo vya juu maji yalikuwa yameshakauka yakaacha ukoko mwembamba, mweupe, unavunjika ukiugusa kama ukoko wa wali. Nikachutama nikaung'oa kwa ukucha, nikaweka ulimini. Ladha kali, safi, halafu kwa nyuma kitu kama utamu. Utotoni chumvi yetu ilikuwa ya Ziwa Katwe, ya kijivu, mama anaiponda kwa jiwe. Nilijaza mfuko mdogo wa ukoko ule nikamletea. Ameuweka juu ya kabati, hautumii.

Maji ndiyo yaliyonipa kazi kumwelezea. Sehemu kubwa ya maji ya bomba wanayatoa baharini kwa mitambo inayoondoa chumvi, mengine wanayachimba chini. Hayana madhara, ila watu wengi wananunua ya chupa ya kunywa. Dada anaoga haraka, anafunga bomba akijipaka sabuni. Mimi niliyekulia kando ya Nile nilijikuta naosha vyombo vya mtoto kwa maji kidogo kuliko ninayomwaga hapa kumwagilia vumbi mbele ya mlango. Januari, anasema dada, nyumba za mawe zina baridi ndani kuliko nje, na nguo hazikauki. Kuna upepo wa kusini mashariki wanauita xlokk, unakuja na vumbi la Sahara. Nilianika nepi nyeupe asubuhi, nikazianua mchana zina rangi ya udongo wa Namulesa.

Na kuna upande wa kusini. Shemeji alinipeleka kwenye majabali ya Sannat, akanyoosha mkono: huko ni Libya. Bahari ilikuwa imetulia kama mafuta. Aprili 2015 meli iliyojaa wahamiaji ilipinduka karibu na pwani ya Libya, mamia wakafa, na miili 24 ikaletwa Malta ikazikwa. Wengi walikuwa watu wa bara letu. Nilisimama pale na pasi yangu yenye viza ya Schengen kwenye mkoba, nikalia, na shemeji akaniacha nilie. Jambo hili sikumwambia mama. Naliandika hapa kwa sababu siwezi kueleza uzuri wa maji yale nikalinyamazia.

Mwaka 2019 wakala mmoja wa Kampala alinichukulia milioni tatu kwa kazi ya Ulaya ambayo haikuwepo. Ofisi ilihamishwa usiku. Kwa hiyo safari hii nimekwenda taratibu. Nyumba ya wazee anakofanya dada imeniandikia barua ya kazi, si ya unesi, ni ya ulezi, mpaka vyeti vyangu vikubaliwe kule. Kibali kitafungwa kwa mwajiri huyo, nikimwacha naanza upya. Mshahara ukitoa chumba na chakula hautanifanya tajiri. Nimeyaandika yote kwenye daftari, nikamsomea mama mstari kwa mstari. Nimemwambia pia kwamba nataka kuwaosha na kuwalisha wazee mahali ambapo jioni nitawasukuma kwenye viti vyao mpaka uwanjani, tukae kwenye mwanga. Nimefanya kazi hii miaka kumi na sita wodini na sijapata kumtoa mgonjwa mzee nje hata mara moja.

Mama alisikiliza mpaka mukene ukaisha. Nikamweleza na habari ya feri, kwa sababu ndiyo niliyoona itamchekesha. Hakucheka.

"Ukienda hulipi?"

"Hulipi, mama."

"Unalipa ukitoka."

"Ndiyo, ukitoka."

Akanyanyuka, akapeta ungo mara mbili, akauweka juani.

"Basi hiyo nauli itenge leo. Usiichanganye na pesa nyingine."