Kazi yangu ni kuhesabu maji

Saa kumi alfajiri niligonga madumu moja moja kwa kifundo cha kidole. Lililojaa halitoi mlio. Yalijaa sita, ya lita 20 kila moja: maji ya siku mbili kwa wageni wanne, ngamia watano, mimi, na mzee wa Kisamburu aliyeanza kuongoza ngamia kabla sijazaliwa. Ilikuwa siku ya tatu tangu tutoke South Horr kwenda Ziwa Turkana. Jana yake tulipita mitambo ya upepo ya Sarima, 365 kwa jumla, na upepo unaoizungusha ulitupiga usiku kucha.

Watu hudhani nalipwa kutembea.

Saa kumi na moja tukapakia. Hapo hapana haraka. Mikeka kwanza, kisha miti ya matandiko, kisha madumu, kulia na kushoto uzito sawa, la sivyo mzigo utahama na kuchubua mgongo, na kidonda hicho hakiponi safarini. Mzee hupitisha vidole chini ya kila kamba. "Kijana, legeza," akaniambia mara moja. Nikalegeza.

Tukatembea hadi saa nne.

Tulipopumzika kwenye laga, yaani mkondo wa mto mkavu, chini ya mgunga, nikamkuta mgeni mmoja wa Nairobi amefungua dumu, anajimiminia kichwani, povu la sabuni limejaa nywele. Nusu ya dumu ilikuwa imeshanywewa na mchanga.

"Ndugu yangu, hayo ni ya kunywa."

"Si tunaenda ziwani? Kule ni maji matupu."

Nikamweleza kwamba maji ya Turkana yana magadi, na tumbo lisiloyazoea huyakataa. Akasema amelipia safari hii. Nilikasirika, sifichi. Huku mtu huamka usiku kufuata ndoo moja. Mzee hakusema neno. Alichukua kikombe chake cha chai, akakimimina chote kwenye sufuria, akaenda kukaa na ngamia. Yule mgeni akafunga dumu.

Baada ya hapo ni mawe. Mawe meusi ya volkano, makali, yamepata moto, kila moja linayumba chini ya kiatu. Wageni huona shida ya miguu yao. Mimi naangalia ya ngamia. Wayo wake ni laini, umeumbiwa mchanga, jiwe huukata. Kwa hiyo unamtangulia, unamchagulia pa kukanyaga, hatua moja, nyingine, umeshika kamba na shingo inakuuma kwa kuinama. Sijui tulimaliza saa ngapi. Nakumbuka kivuli changu kilikuwa kirefu, midomo imepasuka, na mtu nyuma akapaza sauti kwamba ameona ziwa.

Usiku nikapitisha tochi nyayo ishirini. Jike moja lilikuwa na kibanzi cha jiwe. Mzee alimshika kichwa, nikakitoa kwa ncha ya kisu.

Nikagonga madumu tena. Mawili na nusu. Chai ya asubuhi itakuwa nusu kikombe kila mtu, na mzee atakunywa kwanza.