Hirizi ya Joannia

Masomo ya wiki: Matendo 19:11–20, Hesabu 6:22–27

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, mama mkwe alipanda basi kutoka kijijini kuja kumlea mzazi. Alishuka na kuku wawili, unga wa ulezi, na uzi mweusi ambao hakutuonyesha. Siku ya tatu niliukuta umefungwa mkononi mwa mtoto. Nilipoinua kigodoro chake nikakuta na Biblia yangu, ile niliyopewa siku ya kipaimara, imefunguliwa Zaburi ya 91 na kulazwa kifudifudi.

"Mama," nikasema kwa adabu zote za mkwe, "hii si hirizi?"

Alikuwa anakoroga uji, wala hakugeuka. "Hirizi ina dawa, baba. Huo ni uzi. Na hilo ni Neno la Mungu."

Nilitaka kumjibu, nikakosa pa kuanzia. Swali lile nimekaa nalo muda mrefu, na somo la wiki hii limenirudisha kwake.

Neno "hirizi" lenyewe limo katika Biblia yetu ya Kiswahili, ila tunalipita haraka. Mathayo 23:5, Yesu anawasema waandishi na Mafarisayo: "hupanua hirizi zao, huongeza matamvua yao." Nilipokuwa mtoto wa shule ya Jumapili nilidhani Mafarisayo walikuwa wateja wa waganga. Kumbe ni vile vijaluba vya ngozi ambavyo Wayahudi hufunga mkononi na katika paji la uso wakati wa sala, na ndani yake yameandikwa maneno ya Torati. Lakini watafsiri wetu hawakukosea. Neno la Kigiriki lililoko pale linatokana na kulinda, na ndilo hilohilo watu wa mataifa walilitumia kwa vitu walivyovaa shingoni kujikinga na homa, mashetani na jicho la husuda. Tangu zamani neno moja lilibeba vyote viwili, agizo la Mungu na bidhaa ya mganga.

Bidhaa hiyo ilikuwa na soko kubwa, na Efeso ulisifika kwayo. Dunia nzima ya Wagiriki ilizijua "herufi za Efeso", maneno sita yasiyo na maana yoyote ya wazi: askion, kataskion, lix, tetrax, damnameneus, aision. Watu waliyanong'ona juu ya waliopagawa, wakayaandika na kuyavaa. Kuna kisa chao cha mwanamieleka wa Efeso aliyeyafunga kifundoni mwa mguu alipokwenda kushindana Olympia. Mpinzani wake kutoka Mileto hakumweza kabisa, hadi waamuzi walipokiona kile kitu wakakivua. Basi akaangushwa mara 30 mfululizo. Sijui kama wenzetu wa mpira wanakisoma kisa hiki, lakini wakikisoma watakielewa bila kufafanuliwa.

Katika mji huo ndipo Paulo alipofika, na hapo ndipo wana saba wa Skewa, kuhani mkuu wa Kiyahudi, walipojaribu bahati yao ya kumtoa pepo mtu aliyepagawa. Sikilizeni maneno yao: "Nawaapisha kwa Yesu, yule anayehubiriwa na Paulo." Wengi tumezoea kuwacheka kwa jinsi walivyokimbia uchi na majeraha. Mimi naona walikuwa mafundi waliofuata taratibu za kazi yao. Fundi wa aina hiyo alikusanya majina yenye nguvu kama fundi magari anavyokusanya spana, na akisikia kuna jina jipya linalofungua, analiongeza kwenye boksi. Ushahidi tunao. Katika karne ya 19 mwanadiplomasia mmoja aliyekaa Misri, Jean d'Anastasi, alinunua vitabu vya kale vya uganga vilivyotoka Thebes. Kimoja, cha karne ya 4, kiko Paris, kina karatasi 36 za mafunjo zilizojaa maagizo. Mojawapo ni la kutoa pepo. Unaandika maneno kwenye kipande chembamba cha bati, unamvika mgonjwa, kisha unamwapiza pepo: "Nakuapisha kwa Mungu wa Waebrania, Yesu." Kitenzi ni kilekile walichotumia wana wa Skewa. Aliyekitunga hakuwa Mkristo, na jina la Bwana wetu amelipanga katikati ya majina mengine mengi, mengine hayatamkiki.

Ndiyo maana jibu la yule pepo linauma hivi: "Yesu namjua na Paulo namfahamu, lakini ninyi ni akina nani?" Jina walilitamka sawasawa. Hakuwakosoa matamshi. Aliwauliza uhusiano.

Halafu kuna mstari wa 18, ambao nakiri niliusoma miaka bila kuuona. Tunapohubiri juu ya kuchomwa kwa vile vitabu vya uganga pale Efeso tunawaweka wapagani motoni, si ndiyo? Luka anasema "wengi wa wale walioamini" ndio waliokuja kuungama. Walioamini! Watu waliokwisha kupokea Neno, wanaokuja ibadani, na vitabu bado viko nyumbani, pengine chini ya godoro. Thamani ya vitabu hivyo ilifika vipande vya fedha elfu hamsini. Kipande kimoja kilikuwa kama ujira wa kibarua wa siku moja, kwa hiyo zile zilikuwa siku 50,000 za jasho, yaani miaka 136 na zaidi bila kupumzika hata Jumapili moja. Mtu hatunzi mali ya thamani hiyo kwa kusahau. Anaitunza kwa sababu kuna usiku ambao imani yake peke yake haimtoshi.

Usiku huo naujua. Mtoto alikuwa na miezi mitano, homa ikampanda saa nane za usiku, mwili unachoma kama chungu. Mke wangu anamkanda kwa maji, mimi nimeishika ileile Biblia niliyomwulizia mama mkwe, nimeiweka kichwani pa mtoto, na ninachosema ni "sasa hivi, Bwana, sasa hivi, sasa hivi." Kulipokucha tulimpeleka zahanati, wakamtoboa kidole, ikawa malaria, akapewa dawa. Miaka kadhaa baadaye nilisoma kwamba mafundi wa hirizi wa Misri walikuwa na maneno ya kufungia kazi, karibu kama sahihi yao: "sasa hivi, sasa hivi, upesi, upesi." Nilikiweka kitabu chini kwa muda.

Basi niwaambie habari za Joannia. Huko Oxyrhynchus, mji wa Misri ambao majalala yake yalianza kufukuliwa na Waingereza wawili, Grenfell na Hunt, mwishoni mwa karne ya 19, ilipatikana karatasi ya mafunjo nyembamba na ndefu, imekunjwakunjwa na kufungwa kwa uzi. Ni ya karne ya 5, wakati Misri imejaa makanisa. Inaanza kwa kumfukuza: "Kimbia, roho mwenye kuchukiza! Kristo anakufukuza." Kisha inamwomba Mungu wa birika la kondoo, lile la Yohana sura ya 5, amwokoe mtumishi wake Joannia, "aliyezaliwa na Anastasia, aitwaye pia Eufemia." Inanukuu mwanzo wa Injili: Hapo mwanzo kulikuwako Neno. Inaomba imwondokee kila homa na kila baridi ya mwili, homa ya kila siku, ya siku ya tatu, ya siku ya nne. Inamalizia kwa watakatifu na kwa Amina.

Sisi tunaoishi na mbu tunazijua homa hizo zinazokuja kwa zamu. Na tazameni jina la mama. Mafundi wa zamani walimtambulisha mgonjwa kwa mama yake, kama wapiga ramli wetu wa pwani wanavyouliza hadi leo, "Jina lako nani, na mama yako nani?" Kwa hiyo karatasi ile ni ya Injili kwa maneno, na ni ya kiganga kwa muundo: kukunja, kufunga uzi, kutaja mama, kuamrisha. Fundi aliyeiandika alijua kazi zote mbili. Huenda alikuwa mtu wa kanisani. Mtaguso wa Laodikia, katika karne ya 4, ulilazimika kuwakataza makasisi wasitengeneze hirizi, ukaziita vifungo vya nafsi. Sheria haitungwi juu ya kosa ambalo hakuna anayelifanya.

Wahubiri wa zamani walipambana na jambo hili hadharani. Yohana Krisostomo alipokuwa Antiokia aliwakemea waumini waliofunga kichwani na miguuni sarafu za Aleksanda wa Makedonia, na yaya waliompaka mtoto tope kwenye paji la uso ili jicho baya limpite, na vikengele na uzi mwekundu mkononi mwa mtoto. Uzi, wapendwa. Mwekundu, si mweusi. Mahali pengine anawanukuu watu wanavyojitetea: sisi tunalitaja jina la Mungu tu, hatuongezi kitu, na yule bibi ni Mkristo, ni mwamini. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, maana nilimsikia mama mkwe anakoroga uji. Ila Krisostomo aliendelea, akamsifu mama anayekubali mtoto afe kuliko kumvika hirizi, akamhesabu pamoja na mashahidi wa imani. Hapo namwacha. Aliishi maisha ya mtawa, hakuwahi kumshika mwanawe mwenye homa saa nane za usiku.

Agostino, askofu wa Hippo, naona alikuwa na moyo wa mchungaji zaidi. Aliwaambia watu wake kwamba mtu akiumwa kichwa akaiweka Injili kichwani badala ya kukimbilia hirizi, anamsifu. Si kwamba Injili iliandikwa kwa kazi hiyo, bali afadhali hiyo kuliko ile. Kisha akauliza kwa nini hawaiweki moyoni, iponye dhambi. Amemvuta mgonjwa hatua moja, bila kumtukana kwa pale alipokuwa.

Hata hivyo Zaburi ya 91 ina onyo lake. Wakristo wa Shamu na Palestina waliuchora mstari wake wa kwanza kwenye bangili za shaba, wakazivaa za kujikinga. Na katika jaribu la Yesu, aliyeinukuu zaburi hiyohiyo juu ya kinara cha hekalu ni Ibilisi: Atakuagizia malaika zake. Neno ni la kweli, nukuu ni sahihi, kusudi ni kumsukuma Mungu afanye kazi kwa amri. Yesu hakubisha kwamba malaika wapo. Alikataa kuruka.

Sasa fungueni Hesabu 6. Mwaka 1979 mwanaakiolojia Gabriel Barkay alikuwa akichimba makaburi ya kale huko Ketef Hinnom, nje kidogo ya Yerusalemu ya zamani. Katika chumba kimoja wakapata vikunjo viwili vidogo vya fedha, vimeviringwa kama sigara. Kuvikunjua bila kuvivunja kulichukua miaka. Kikubwa kilipotandazwa kilikuwa na urefu wa sentimita 10 hivi, kidogo kama 4. Yalikuwemo maneno yanayolingana na haya: "Bwana akubarikie, na kukulinda, Bwana akuangazie nuru za uso wake." Ni vya mwisho wa karne ya 7 au mwanzo wa ya 6 kabla ya Kristo, karne kadhaa kabla ya magombo ya Bahari ya Chumvi, zile nakala za kale za Maandiko zilizopatikana mapangoni. Hakujapatikana maandishi ya kale kuliko hayo yenye maneno tunayoyasoma katika Biblia, na wataalamu wengi wanaona vilivaliwa mwilini kama kinga. Yaani hirizi. Ningependa kumwona mhubiri wetu mkali zaidi akikishika mkononi na kuamua akichome au akibusu.

Mimi nimekaa na sarufi. Fundi wa Misri na wana wa Skewa wanasema "nawaapisha": mimi ndimi ninayetenda, na Mungu amekuwa kifaa cha mimi kutendea. Haruni anafundishwa kusema "akubarikie". Mtendaji ni Bwana, na ile e ya mwisho ni sauti ya anayeomba, haina amri ndani yake. Asiponibariki nitakavyo, sina pa kumshika. Na mstari wa 27 unaongeza jambo ambalo hirizi haiwezi kulifanya: "Ndivyo watakavyoweka jina langu juu ya wana wa Israeli." Joannia alibeba jina la Mungu kwenye karatasi. Hapa watu wenyewe ndio wanaowekewa jina, wanakuwa wa mtu. Yule pepo wa Efeso aliulizia hilo tu.

Na ile leso ya Paulo katika mstari wa 12? Mtaniuliza, najua. Luka anasema aliyefanya ni Mungu, na hatusikii bei.

Mama mkwe alikaa nasi miezi miwili. Biblia niliitoa chini ya kigodoro mara tatu, naye akairudisha mara tatu, hatukuzungumzia tena. Siku ya kuondoka, pale stendi, kondakta anapiga kelele na basi linanguruma, alimchukua mjukuu, akaweka kiganja juu ya kichwa chake, akasema kwa sauti ya chini maneno aliyoyasikia kila mwisho wa ibada tangu utoto wake, bila kukosea hata neno, hadi "na kukupa amani." Kisha akampa mama yake, akapanda.

Ule uzi ulikatika wenyewe miezi kadhaa baadaye, ndani ya beseni, wakati wa kuoga. Ukamwagwa na maji.